A1 ya Kishada: siku tisa, nchi nne, pikipiki mbili

Siku ya kwanza: Arusha, Namanga, Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri tulikuwa tumeshapita Ngaramtoni, baridi inapenya mpaka kwenye meno. Mimi juu ya Boxer 150, mtoto wa kaka yangu nyuma yangu na TVS 125 aliyoinunua kwa hela za vitunguu. Nyumbani tunamwita Kishada. Rafiki yangu wa shule anamwoza binti yake Kigali, na badala ya kupanda basi nikasema twende na vyombo vyetu, tuzungukie Kenya na Uganda, turudi kwa Rusumo. Kaka yangu aliniuliza kama nimerogwa. Kishada alikuwa ameshaosha pikipiki.

Niseme mapema kwa nini safari hii itakuwa na leseni nyingi kuliko mandhari. Nauza spea za pikipiki. Kijana wa bodaboda akikosa hela ya cheni ananiachia leseni rehani mpaka jioni. Droo yangu imelaza leseni nyingi, na kitu ukikaa nacho sana unaishia kukisoma. Kwetu daraja A ni pikipiki zinazozidi cc 125, yaani ukubwa wa injini. A1 ni zile za chini ya cc 125, zisizo na kigari cha ubavuni. A2 ni bajaji na ndugu zake wa magurudumu matatu au manne. A3 ni vile vipikipiki vya chini ya cc 50 ambavyo Arusha huvioni. Anayejifunza anapewa H. Tangu bajeti ya 2019 unalipa shilingi 70,000 na kadi inakaa miaka 5. Kabla ya hapo ilikuwa 40,000 kwa miaka 3.

Yangu ina A, na B ya gari. Ya Kishada ina A1 basi. Mwezi wa pili nilimwambia aongeze A, akanijibu, "Shangazi, ya nini na mimi nina mia na ishirini na tano?" Nikanyamaza. Mtu akishanunua chombo kwa jasho lake humwambii kitu.

Namanga hapakuwa na shida. Tangu kituo kiunganishwe, unapanga foleni chini ya paa moja: uhamiaji wa Tanzania, hatua chache, uhamiaji wa Kenya, kisha forodha kwa kibali cha muda cha pikipiki. Bima tulishakata Arusha pamoja na kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, ile inayokulinda ukigonga mtu nje ya nchi yako. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kadi ya njano ikabaki nayo, na nashukuru, maana vinginevyo ningekata bima mpya kila mpaka. Kilichotugharimu pale ni vizibao vya rifleka. Sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae kofia ngumu na kizibao, hata kama hubebi abiria wa kulipa. Kishada alichagua cha kijani, akajiona askari.

Baada ya Kajiado, kwenye kizuizi, ndipo tulipokutana na jambo lenyewe. Askari alikuwa mtu wa makamo, mpole, leseni yangu akairudisha bila neno. Ya Kishada akaikazia macho.

"Kijana, hii ni A1."

"Ndiyo, afande."

"A1 ni ya moped. Cc hamsini. Wewe uko na ngapi?"

"Mia na ishirini na tano."

"Sasa unaona?"

Kishada hakuona. Mimi niliona, ila nimechelewa. Kenya ilipanga upya madaraja yake kwa kanuni za 2020, na herufi walizochagua ni zilezile zetu, ila vitu vilivyo ndani yake si vilevile. A1 yao ni moped isiyozidi cc 50, yaani A3 yetu. A2 yao ni pikipiki ya kawaida ya mtu binafsi. Kwetu A2 ni bajaji. A3 yao ni bodaboda, wasambazaji wa mizigo na magari ya magurudumu matatu. Kwetu A3 ndiyo ile ya chini kabisa, isiyofika hata sokoni. Ukizisoma leseni mbili hizi bega kwa bega bila kujua nani katoa ipi, utampa mtoto lori.

Nilieleza. Askari akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi sijakataa. Lakini herufi ni herufi." Nikafungua simu, nikatafuta ukurasa wa TRA, mamlaka yetu ya mapato, wenye orodha ya madaraja. Mtandao ukasuasua. Jua likapanda. Mwenzake akaja kuangalia kulikoni. Kumbe amewahi kufanya kazi Taveta, mpakani na kwetu. Akasoma orodha kwa sauti, akafika kwenye A3 akacheka: "Hawa wako na yao. A3 ya Tanzania ndiyo moped!" Wakaitana na wa tatu, wakaisoma tena kama tangazo la mnada. Haikutoka hata senti. Ilitoka nusu saa.

Leseni ya jirani inakubalika huku, hilo hawakulibisha. Mgeni anaruhusiwa kuendesha kile ambacho kwao anaruhusiwa. Ugumu ni kumjulisha mtu wa barabarani, juani, kwamba herufi anayoijua kwa moyo, leo inasema jambo lingine.

"Endeni," akasema yule wa kwanza. "Na mkifika Nairobi msipande ile ya juu." Alimaanisha barabara ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022. Pikipiki haziruhusiwi, ziwe za cc ngapi. Tuliingia jijini chini ya kivuli chake, tukibanwa na malori, magari madogo yanapita kichwani kwetu kama ndege.

Siku ya pili: Nairobi, Nakuru

Tumelala kwa jamaa South B. Asubuhi Kishada aliamka ameinama. Alitaka kujua kama kila kizuizi kitakuwa hivyo mpaka Busia. Nikapiga picha ya skrini ya ule ukurasa wa TRA, nikaihifadhi kwenye simu zote mbili. Tangu hapo tumesimamishwa Kenya mara tatu, na picha hiyo imefanya kazi kuliko maneno.

Tuliteremka bonde kwa njia ya Mai Mahiu, kwenye lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa vita vya pili vya dunia walipokuwa wakiichonga barabara. TVS ilikuwa inashuka kwa raha. Kupanda kwa Gilgil ndiko ilikoanza kuimba.

Nakuru, kwenye kibanda cha chai jirani na stendi, tulikaa na kijana anayesambaza vifurushi. Huku pikipiki wanaiita nduthi, na yeye alikuwa na nduthi safi, sanduku nyuma limefungwa kwa mipira. Nilimwambia mkasa wetu. Alicheka, akatoa leseni yake, A2, akasema yuko mbioni kupata A3, maana A2 ni ya kujiendesha mwenyewe na kazi yake ni ya A3. Injini haijabadilika. Pikipiki ni ileile, barabara ni ileile, hata njia ya kwenda Njoro ni ileile.

"Wanataka kujua kama unabeba," alisema.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kwetu sheria inaiuliza injini: una ukubwa gani? Kenya inamuuliza mtu: unafanya nini na hiki chombo? Mabomba na pistoni haviwahusu sana, ukishavuka cc 50. Kwetu swali la biashara lipo, lakini haliko kwenye leseni ya udereva. Bodaboda zilipohalalishwa kubeba abiria, kwa kanuni za 2010, leseni ya usafirishaji iliwekwa kwenye pikipiki yenyewe, inatolewa na mamlaka ya usafiri, zamani SUMATRA, sasa LATRA. Kwa hiyo Arusha kijana mwenye A anaweza kubeba abiria, mzigo au upepo, kadi yake ni ileile. Napenda ya Kenya zaidi, nakiri. Kubeba binadamu mgongoni si sawa na kwenda shambani peke yako, na cc haikuambii hilo. Kwenye duka langu wanaorudi na rimu zilizopinda si wenye injini kubwa. Ni waliopakia mishkaki, abiria wawili watatu kwa mpigo.

Yule kijana alituambia pia kwamba wazee wa huko bado wanazungumza kwa herufi za zamani. Ukiwauliza leseni ya pikipiki wanakwambia FG. Tumemaliza chai, Kishada kalipa.

Siku ya tatu: Nakuru, Kericho, Kisumu, Busia

Kericho imetunyeshea mvua ya mawe. Tumejificha kwenye kibanda cha wachuma chai pamoja na bodaboda saba, wote wamevaa magunia juu ya vizibao. Hakuna aliyeuliza leseni ya mtu. Kisumu tumekula samaki, Maseno tumevuka ikweta bila kusimama. Busia tumeingia giza limeshatanda. Nimechoka kuandika.

Siku ya nne: Busia, Jinja, Kampala

Miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya, mmoja Uganda. Hapa ndipo neno lenyewe lilipozaliwa, miaka ya 1960. Kati ya ofisi za upande huu na za upande ule palikuwa na kipande cha njia ambacho magari hayakuvuka kirahisi, na watu wenye mizigo walihitaji msaada. Vijana wenye baiskeli wakawa wanaita: boda, boda! Kutoka mpaka hadi mpaka. Kwa hiyo kazi hii tunayoigawia madaraja ilianzia kwenye ufa ulioachwa na ofisi mbili, na haikuwa na injini wala leseni. Leo kituo kimeunganishwa kama Namanga, tangu 2018, na ule upenyo umezibwa. Baiskeli bado zipo. Nimeona mzee kabeba magodoro matatu.

Upande wa Uganda afisa aliangalia leseni ya Kishada akauliza swali moja tu: "Hii A ni pikipiki?"

"Ndiyo, A1."

"A," akasema, kama anayemsahihisha mtoto, akaturudishia.

Uganda A ni A. Pikipiki zote zinakaa kwenye herufi moja, yenye kigari cha ubavuni na isiyonacho, na kile kinambari kilichotusumbua Kajiado hakikumhusu afisa yule kabisa. Kishada alifurahi mpaka Iganga. Mimi sikufurahi hivyo. Kijana aliyejifunzia kapikipiki kadogo uwanjani anapata herufi ileile ya anayepakia watu katikati ya Kampala jioni, na nilikuwa naelekea Kampala jioni.

Jinja tulivuka Nile kwa daraja la zamani, tukiliangalia lile jipya la nyaya lililofunguliwa 2018. Mabira imetupa kivuli. Kampala imetupokea saa kumi na mbili unusu, na kwa saa nzima sikuiona lami, niliona magoti ya watu.

Siku ya tano: Kampala

Pumziko. Tumebadilisha oili, nimekaza cheni ya Kishada.

Kwenye stegi karibu na gesti yetu nilikaa na bodaboda wawili. Mmoja Kiswahili chake ni cha kambini, aliishi na wanajeshi akiwa mtoto. Alinionyesha kadi yake mpya iliyotoka kwenye mfumo wa serikali ulioanza 2021. Mwenzake hakutaka kuonyesha, akasema iko nyumbani. Hatukumsukuma. Huyo mwenye kadi alishangaa kwamba kwetu watu wanagombania cc. "Pikipiki hapa zote ni ndugu," alisema, na kweli nilipohesabu stegi nzima, zilikuwa Bajaj na TVS za kiasi kimoja, kama sare ya shule. Labda ndiyo sababu A moja inawatosha. Sheria haitengi kitu ambacho barabarani hakijajitenga.

Jioni binamu yangu aliye Hamburg akatuma sauti. Nilikuwa nimemwandikia habari za Kajiado. Akacheka dakika nzima ndipo akaanza kunieleza ya kwao. Ulaya nako wana A1 na A2, na maana yake ni nyingine tena. A1 yao ni pikipiki hadi cc 125 na nguvu isiyozidi kilowati 11. A2 ni hadi kilowati 35. Ukitaka kubwa isiyo na kikomo unapanda ngazi, miaka miwili kwenye A2 ndipo ufanye mtihani wa A, au usubiri ufike miaka 24 uiombe moja kwa moja. Wanamkuza dereva polepole kama mtoto anayeachishwa ziwa. Kila hatua mtihani, na kila mtihani ni euro.

Yeye mwenyewe hakupitia huko. Ujerumani, tangu mwisho wa 2019, mwenye leseni ya gari aliyefikisha miaka 25 na kukaa na leseni hiyo miaka 5, anaweza kuchukua masomo tisa ya dakika 90, bila mtihani, akaandikiwa namba 196 kwenye B yake, akaendesha hizo cc 125. Amefanya hivyo. Ana skuta. "Lakini," akasema, "nikivuka kwenda Denmark nimekuwa mtu asiye na leseni." Namba 196 inafanya kazi ndani ya Ujerumani tu. Yaani wenzetu wenye mipaka isiyo na hata kamba, wameweka ruhusa inayokatika katikati ya daraja bila mtu kukusimamisha. Kajiado walau kulikuwa na binadamu wa kubishana naye.

Kishada alisikiliza yote hayo, akashika neno moja. "Shangazi, wao ni hadi mia na ishirini na tano. Sisi ni chini ya."

"Ndiyo."

"Si ni kitu kimoja?"

Nikamwambia alale, kesho ni mbali.

Siku ya sita: Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale

Zaidi ya kilomita 400. Ikweta tena Kayabwe, watalii wanamwaga maji kwenye beseni. Baada ya Mbarara migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu, halafu milima. Kabale iko karibu mita 2,000 juu, na mablanketi ya gesti yalikuwa mawili. Mgongo umekufa.

Siku ya saba: Kabale, Katuna, Kigali

Mpaka huu ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, na wauza chai wa Katuna bado wanahesabu miaka kwa kufungwa huko. Mmoja aliniambia mwanaye alizaliwa "wakati wa ukimya".

Hatari ya leo haikuwa leseni. Kuanzia Rwanda unaendesha kulia. Kwa gari unakumbushwa na usukani. Kwa pikipiki hukumbushwi na kitu, wewe uko katikati ya chombo chako siku zote, barabara ndiyo iliyohama. Nilichukua tepu nyeupe, nikaandika KULIA kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika kipande kwenye kioo changu na kingine kwenye cha Kishada. Bado kwenye mzunguko wa kwanza alielekea kushoto kama mbuzi anayerudi zizini. Nilipiga honi mpaka kidole kikauma.

Askari wa Rwanda alitusimamisha karibu na Gicumbi. Heshima, saluti, Kiswahili kidogo. Alitazama A yangu na A1 ya Kishada, akatazama kofia, akatazama kamba za kofia kama zimefungwa chini ya kidevu, akagusa ya Kishada iliyokuwa imelegea. "Funga." Kwao pikipiki ni A na hakuhangaika na namba. Alihangaika na kamba. Kisha akatuonya kuhusu Sofia. Sofia ni kamera za mwendo. Sijapata kuona mwanamke anayeogopwa na madereva wengi hivyo. Tumeenda 55 mpaka Kigali, malori yametupita.

Siku ya nane: Kigali

Harusi ilikuwa mchana na ilikuwa nzuri, na sitaiandika hapa kwa sababu bibi harusi atasoma.

Asubuhi tulikuwa Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili chake hakina haja ya kukalimaniwa. Nilitaka kuona pikipiki za umeme. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa Kigali kwa kubeba abiria lazima iwe ya umeme, na mimi muuza pistoni ilinibidi nijue nitakula nini huko mbele. Ziko nyingi barabarani. Betri ikiisha dereva anaingia kituoni, anatoa, anachomeka nyingine, dakika mbili anaondoka. Hakuna plagi, hakuna kabureta, hakuna pistoni. Nimeangalia huku nashika pochi yangu.

Dereva mmoja, fulana ya rangi ya kampuni yake na namba mgongoni, alitueleza njia aliyopita. Kwanza mtihani wa nadharia, maswali 20, unatakiwa upate 12. Ukifaulu unapewa perimi ya muda, miaka 2. Ndani ya miaka hiyo unafanya mtihani wa vitendo wa A ndipo unapata perimi yenyewe. Kisha, ili ubebe watu, ushirika, na idhini ya RURA, mamlaka ya udhibiti. Abiria mmoja, na kofia ya pili iko nawe kila wakati. Nilimuuliza kama huwa wanapakia wawili. Alinitazama kama nimemuuliza kama huwa anaiba.

Nilihisi aibu kidogo. Rwanda haiulizi injini wala haiulizi kazi kwa herufi. Inauliza: nani anakufahamu? Ushirika unakufahamu, namba iko mgongoni, ukikosea mtu hatafuti daraja lako, anasoma fulana. Sijaamua kama ningependa kuishi hivyo. Kijana wangu mmoja dukani amebadili jina la stegi mara nne mwaka huu kwa sababu ya madeni, huku angeisha.

Kishada alikuwa amezunguka ile ya umeme mara tatu. Akainama, akatafuta ubavuni.

"Hii ni cc ngapi?"

"Haina cc," dereva akasema.

"Sasa kwetu hii ni A au A1?"

Dereva alinigeukia mimi, na mimi ndiye ninayesoma leseni za watu droo nzima. Kifungu cha A1 kimejengwa juu ya silinda, na hapa silinda haipo. Ulaya wanayo zile kilowati zao za kukimbilia. Kenya wangemuuliza anabeba nani. Kwetu mstari wa cc 125 unakatiza pale pale unapohitajika kuanza. Nilimwambia Kishada twende tukavae, harusi inaanza.

Siku ya tisa: Kigali, Rusumo, kuelekea Kahama

Kilomita 160 mpaka Rusumo, mteremko mwingi, ukungu kwenye mabonde. Kituo cha pamoja cha pale kilizinduliwa 2016, na chini yake Akagera inanguruma kuelekea mitambo ya umeme ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Tulisimama darajani kidogo. Upande wa pili tukarudi kushoto, na mwili ukashusha pumzi.

Bodaboda wa kwanza tuliyemwona Tanzania alikuwa na mishkaki ya watu wanne na ndoo. Nilipiga honi kwa furaha, Mungu anisamehe.

Mbele ya Benako kuna mteremko, na chini ya mteremko walikuwapo trafiki. Askari kijana, umri wa Kishada hivi.

"Shikamoo mama. Mnatoka mbali?"

"Marahaba. Kigali, kwa kuzungukia Kampala na Nairobi."

Aliguna kwa heshima. Yangu akairudisha. Ya Kishada akaigeuza.

"A1. Na chombo ni ngapi?"

Kishada, ambaye kwa siku tisa amejibu swali hili kwa lafudhi za nchi nne, akatoa kifua. "Mia na ishirini na tano, afande!"

"A1 ni chini ya mia na ishirini na tano," askari akasema taratibu. "Siyo mia na ishirini na tano. Chini yake."

Nimesikia sauti ya binamu yangu wa Hamburg: hadi. Kishada alinigeukia akiwa amefumbua mdomo. Faini za bodaboda zilishushwa mwaka 2021 kutoka 30,000 hadi 10,000, lakini haikuwa hela. Ilikuwa kwamba Kenya walibisha wakaelewa, Uganda wakafuta namba, Rwanda wakafunga kamba ya kofia, na sasa nyumbani, kwa mtu anayeijua A1 sawasawa, ndipo tunakamatwa.

Nikashuka. Nikafungua mfuko wa Kishada, nikatoa kadi ya pikipiki kwenye nailoni yake, nikaweka kidole kwenye mstari wa ukubwa wa injini.

Askari akasoma. "Mia na ishirini na nne."

"Na nukta tano tatu," nikasema. "Hiyo ya ubavuni ni stika. Pistoni zake nauza mimi."

Alisoma tena, akamtazama Kishada, akatazama stika, akaanza kucheka, na alipocheka alifanana sana na yule wa Taveta. Akamrudishia leseni na kadi.

"Siku nyingine ukiulizwa cc, usijibu kwa stika." Kisha akanyoosha kidole kwenye vioo vyetu. "Na hiyo KULIA mtoe. Mtaua watu."